Bastola Ndogo ya Mjerumani

Wanangu, ukikaa na wazee wa Mbulu au Katesh jioni, mazungumzo yakishapita mvua, mahindi na bei ya ng'ombe mnadani, hayakawii kumfikia Mjerumani. Huyu atasema Mjerumani alizika mali chini ya mti fulani. Yule atasema babu yake alibebeshwa mizigo hadi miguu ikavimba. Na mara mojamoja atatokea wa kusema, kwa sauti ya chini, kwamba katika ukoo wao iliwahi kuwapo bastola ya Mjerumani, ndogo hata inaingia mfukoni, na kwamba babu aliipata vitani.

Habari kama hiyo tufanyeje nayo? Tuicheke? Tuimeze nzima? Mimi nasema tuipeleleze. Historia ni kazi ya upelelezi, na kitu kidogo cha chuma kinaweza kututembeza kutoka Dongobesh hadi kwenye mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, kikaturudisha Hanang kwa njia ambayo hatukuitarajia.

Basi tutunge kisa. Nasema tutunge, kwa sababu sina nyumba ya mtu ninayoitaja. Tuseme familia moja inabomoa nyumba ya zamani ya mababu. Kwenye dari, nyuma ya boriti, wanakuta ngozi iliyokauka, na ndani ya ngozi kuna bastola nyeusi yenye kutu.

Hapo hapo simameni. Kabla ya historia kuna uhai wa watu. Silaha ya miaka mia moja inaweza kuwa bado imepakiwa. Bastola za mfukoni za Kijerumani za wakati ule hubeba risasi zake ndani ya mpini, kwenye kijisanduku cha chuma kinachochomolewa kwa chini. Watu wengi hudhani ukishachomoa kijisanduku umemaliza hatari. La. Risasi moja inaweza kuwa imebaki juu, kwenye mtutu wenyewe, ikisubiri kidole cha mtoto. Kwa hiyo mtoto haigusi, haioneshi wenzake shuleni, na wala haipeleki kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Anamwambia mtu mzima, mtu mzima anamwambia mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na polisi wanakuja kuichukua. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na bastola bila kibali, hata kama ni urithi wa babu. Serikali nayo imewahi kutangaza vipindi vya msamaha ili wenye silaha wazisalimishe bila kushtakiwa. Familia isiogope, na isisugue kutu kwa msasa ili kitu kipendeze, maana ukisugua unafuta maandishi, na maandishi ndiyo tunayoyatafuta.

Sasa tuseme bastola iko mikononi mwa mtaalamu wa polisi. Ameikagua, haina risasi, ameiweka mezani juu ya kitambaa. Sisi tumeruhusiwa kuitazama.

Ni fupi, sentimita 15 hivi, na uzito wake haufiki kilo moja. Mpini wake ni wa mbao. Ubavuni, chini ya kutu, yanaonekana maandishi: WAFFENFABRIK MAUSER A.-G. OBERNDORF A.N. Kwenye mtutu kuna tarakimu 7.65. Pembeni kuna alama ndogo kuliko punje ya mtama, herufi N yenye taji juu yake.

Oberndorf ni mji mdogo kando ya mto Neckar, katika nchi iliyokuwa ufalme wa Württemberg. Hapo zamani palikuwa na monasteri ya watawa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfalme aliwaondoa watawa, akageuza majengo yao kuwa kiwanda cha bunduki. Fundi mmoja wa kiwanda hicho, Andreas Mauser, alikuwa na watoto 13. Wa mwisho aliitwa Paul, aliyezaliwa mwaka 1838, na yeye na kaka yake Wilhelm walikulia kwenye moshi na nyundo za mahali pale. Wawili hao walibuni bunduki iliyokubaliwa na jeshi la Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1870, ikaitwa Modeli ya 71. Mwaka 1874 walikinunua kiwanda chenyewe.

Shikeni hiyo Modeli ya 71, kwa sababu inatuhusu. Ilipigwa risasi moja, ukapakia nyingine, na baruti yake ilitoa wingu la moshi lililomwonesha adui mahali ulipo. Huko Ulaya ilikwisha kuwekwa stoo. Lakini mwaka 1914 vita vilipoanza, askari wengi Waafrika wa jeshi la Kijerumani hapa kwetu walikuwa bado wanaitumia. Mwafrika alipewa bunduki ya miaka arobaini nyuma, ilhali ofisa wake Mzungu aliweza kujinunulia bastola mpya ya mwaka uleule. Zote mbili zilitoka kwenye jina moja, Mauser wa Oberndorf.

Bastola yetu ni ya aina iliyoanza kutolewa mwaka 1914, mwaka ambao Paul Mauser alifariki. Zile tarakimu 7.65 ni kipenyo cha risasi kwa milimita, nazo zinatupeleka kwingine kabisa. Risasi hiyo aliibuni Mmarekani, John Moses Browning wa Utah, na bastola ya kwanza kuitumia ilitengenezwa Ubelgiji mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo ndani ya kile tunachokiita cha Mjerumani kuna akili ya Mmarekani na biashara ya Mbelgiji. Bastola za mfukoni za namna hii zilipendwa mno Ulaya siku hizo. Zilinunuliwa na maofisa wa jeshi, polisi, wafanyabiashara, na mabwana waliosafiri usiku.

Na lile taji? Hapa wengi hujikwaa. Mtu akiona taji husema, "Aha, hii ni ya enzi ya Kaisari." Si lazima. Ujerumani ilikuwa na sheria ya mwaka 1891 iliyotaka kila silaha ipimwe kabla ya kuuzwa. Ilipelekwa kwenye nyumba ya serikali ya kupimia, ikapigwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na isipopasuka ikagongwa alama. Herufi N yenye taji ilimaanisha imepimwa kwa baruti mpya isiyotoa moshi. Kaisari Wilhelm wa Pili aliondoka madarakani Novemba 1918. Lakini mafundi wa nyumba za kupimia waliendelea kugonga taji lilelile kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwaka 1940 lilipoondolewa na kuwekwa tai. Mfalme alikwenda zake, taji lake likabaki kwenye chuma. Kwa hiyo taji peke yake halitoshi kutuambia kama bastola ni ya kabla ya vita vya kwanza au baada yake.

Kinachotusaidia zaidi ni jina la kampuni. Mwaka 1922 kampuni ilibadili jina, ikaacha kujiita Waffenfabrik Mauser, ikajiita Mauser-Werke. Kama bastola yetu imeandikwa jina la zamani, ilitengenezwa kati ya 1914 na siku za mabadiliko hayo. Kama imeandikwa jina jipya, basi haikuwapo duniani Mjerumani alipoondoka Mbulu. Bastola za Walther, kampuni nyingine ya Kijerumani, nazo zina ushahidi wao. Zile za mwanzo zimeandikwa Zella St. Blasii, mji wa Thüringen. Mwaka 1919 mji huo uliunganishwa na jirani yake Mehlis, ukaitwa Zella-Mehlis, na bastola zilizofuata zikabeba jina jipya. Mtu wa Hanang aliyeshuhudia Babati ikitengwa na Hanang, Manyara ikazaliwa kutoka Arusha mwaka 2002, ataelewa haraka kwamba jina la mahali ni kalenda.

Haya, chuma kimesema. Sasa tuulize: kilifikaje huku?

Mlango wa kwanza ni wa kabla ya mwaka 1916. Meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie zilitoka Hamburg, zikapita mfereji wa Suez, zikatia nanga Tanga na Dar es Salaam. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kutoka Moshi mzigo ulikwenda Arusha, kisha kwa vichwa vya wapagazi ukapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi boma la Mbulu. Njia nyingine ilikuwa reli ya kati mpaka Dodoma, kisha kaskazini hadi Kondoa Irangi. Arusha ilikuwa na kombania ya kwanza ya jeshi la Kijerumani, Kondoa kombania ya 13, na Mbulu na Hanang zilikuwa katikati yao. Mkitafuta kwenye ramani za wakati huo msitafute majina ya leo. Mbulu wameandika Umbulu, nchi ya Wairaqw wameandika Iraku, eneo la Babati na mlima Kwaraa utalikuta kama Ufiomi, na mlima Hanang waliuita Gurui.

Nani angekuwa na bastola katika nchi hii wakati huo? Si Mwafrika. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa kuingia mikononi mwa Waafrika katika eneo kubwa, kutoka digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini. Mkataba ulisemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu yake ilikuwa hivyo kweli. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Mzungu alikuwa na bunduki mpya, na Mwiraqw wa Irqwar Da'aw kule Kainam au Mdatoga wa chini ya Hanang akabaki na mkuki, upinde, au kwa bahati gobori. Askari wa Kijerumani Waafrika walipewa bunduki ndefu. Bastola ya mfukoni ilikuwa ya ofisa, daktari wa jeshi, karani mkubwa, mlowezi.

Kisha ikaja vita. Aprili 1916, masika yakiwa yamekolea, majeshi ya Waingereza na Makaburu chini ya Jenerali van Deventer yaliteremka kutoka Arusha. Wakauteka mlima Lolkisale, wakapita Ufiomi, na tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa Irangi. Farasi wao walikufa kwa maradhi njiani kwa wingi wa kutisha. Wajerumani wakarudi nyuma, na nchi hii yote ya Mbulu na Hanang ikawaponyoka. Katika kurudi nyuma kwa namna hiyo vitu huachwa. Ofisa hujeruhiwa, sanduku hudondoka, mpagazi hutoroka na mzigo, mlowezi humpa mtumishi wake kitu akifiche mpaka atakaporudi. Kwa hiyo yule anayesema babu aliipata vitani hasemi jambo lisilowezekana. Kama chuma kimeandikwa jina la zamani la kampuni, maneno yake yana mguu wa kusimamia.

Mlango wa pili watu wengi huusahau. Baada ya vita Waingereza waliwafukuza Wajerumani Tanganyika. Lakini mwaka 1925 wakaruhusiwa kurudi, na wengi wakaja kulima kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu na leo iko Karatu. Kandokando ya Ziwa Eyasi alikaa Ludwig Kohl-Larsen, daktari na mchimbaji wa mabaki ya kale, katika safari zake za miaka ya 1930. Mwaka 1935 alipata huko vipande vya fuvu la binadamu wa kale. Aliandika pia ngano za Wahadzabe na majirani zao. Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilipotangaza vita, wanaume wa Kijerumani Tanganyika walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yao yakatwaliwa kama mali ya adui. Fikirieni asubuhi ile Oldeani: polisi mlangoni, mke anafunga sanduku, watumishi wamesimama uani. Bastola iliyoandikwa Mauser-Werke, au Walther ya aina ya PP iliyotoka mwaka 1929, ingeweza kubaki nyuma siku hiyo. Ingekuwa ya Mjerumani kweli, ila si yule Mjerumani wa bomani anayesimuliwa.

Mlango wa tatu ndio unaonipendeza zaidi mimi kama msimulizi, kwa sababu unaumbua hadithi nzuri. Tuseme mtaalamu amesafisha kutu kidogo kwa mafuta, na juu ya ile herufi N hakuna taji. Kuna tai. Basi bastola hiyo ilipimwa mwaka 1940 au baadaye, wakati Wajerumani wa Oldeani wako kizuizini na maofisa wa Kaisari wameondoka miaka mingi iliyopita. Hakuna Mjerumani wa Mbulu aliyeweza kuileta. Ililetwa na nani? Baada ya 1945 walikuja Tanganyika Waingereza wengi waliokuwa wamepigana Ulaya, na huko askari waliokota bastola za Kijerumani kama kumbukumbu ya vita. Wengine wao waliajiriwa kwenye mpango wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947, wengine wakawa mabwana shauri, wawindaji, walowezi. Kwa hiyo bastola ya Mjerumani inaweza kuwa imeingia Hanang mfukoni mwa Mwingereza.

Mmeona? Alama moja, ndogo kuliko punje ya mtama, imeondoa miaka thelathini kwenye hadithi ya ukoo. Simsemi babu kuwa mwongo. Inawezekana alipata kitu vitani mwaka 1916, na kitu kingine kikaingia nyumbani miaka arobaini baadaye, na wajukuu wakaviunganisha viwili kuwa kimoja. Masimulizi hufanya hivyo. Ndiyo maana hatuyatupi, bali tunayaweka mezani pamoja na chuma.

Shahidi wa tatu ni karatasi. Bastola ina namba yake, na ndoto ya kila mpelelezi ni kwenda kiwandani, kufungua daftari, na kusoma namba hiyo iliuzwa kwa nani. Kwa Mauser ndoto hiyo ni ngumu. Wafaransa waliiteka Oberndorf mwaka 1945, kiwanda kikabomolewa, na kumbukumbu zake nyingi zikaangamia. Lakini kuna makaratasi mengine. Idara ya Kumbukumbu za Taifa jijini Dar es Salaam ina majalada ya serikali ya Kijerumani, na ina pia vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri Waingereza waliandika, cha Mbulu kikiwamo. Berlin yako majalada ya wizara yao ya makoloni. Humo mtu aweza kukuta ofisa gani alikaa boma gani na mwaka gani. Kijana wa Mbulu au Hanang anayejifunza Kijerumani chuo kikuu leo ana hazina mbele yake, na hazina hiyo ni ya kweli kuliko dhahabu ambayo watu wanaharibu mashamba na misingi ya majengo ya kale wakiitafuta. Hao wachimbaji wa mali ya Mjerumani wananiudhi, nasema wazi. Wanavunja ukuta wa boma wasikute kitu, na ukuta ulikuwa ndio kitu chenyewe.

Jambo la mwisho, na kwangu ni zito kuliko yote. Wakusanyaji wa silaha Ulaya na Marekani wameandika vitabu vinene juu ya bastola hizi: skrubu ngapi, mpini wa mbao gani, herufi za upana gani. Kazi yao nimeitumia hapa na ninaiheshimu. Lakini asili ya silaha haiko upande wa mpini tu. Kuna aliyeishika, na kuna aliyesimama mbele ya mtutu. Kabla ya vita vya 1914 utawala ule ulitoza kodi, ulilazimisha watu kubeba mizigo na kujenga barabara, na waliokataa walichapwa kiboko. Wadatoga wanamkumbuka Gidamowsa, wa nyumba ya mtabiri Saigilo, aliyenyongwa na Wajerumani. Vita vilipokuja, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki nzima, zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, na wengi hawakuandikwa majina popote. Bastola ina namba. Mpagazi aliyebeba sanduku lake hana hata kaburi linalojulikana.

Kwa sababu hiyo, upelelezi wa kitu kama hiki haujakamilika mpaka wazee wameulizwa. Mwulizeni bibi anayezungumza Kiiraqw au Kidatoga kwa lugha yake mwenyewe, msimlazimishe Kiswahili. Msianze na bastola. Anzeni na njaa: njaa gani aliisikia kwa wazazi wake, na nani alikuwa amezaliwa wakati huo. Ulizeni nani wa ukoo alichukuliwa kubeba mizigo, akapitia wapi, akarudi au hakurudi. Ulizeni majina ya marika, kwa kuwa kwa Wadatoga marika husaidia kuhesabu miaka kama kalenda ya ukutani. Andikeni jina la anayesimulia, kijiji, tarehe, na neno kwa neno alivyosema, hata pale mnapodhani amekosea. Kisha kamwulizeni mzee mwingine wa ukoo tofauti.

Likizo ijayo, ukiwa Haydom, Bashnet, Endasak au Basotu, nunua daftari na umtafute mzee mmoja. Nakala moja mpe mwalimu wako wa historia aitunze shuleni. Na ukiona chuma chenye umbo la bastola ukilima au ukibomoa nyumba, rudi nyuma hatua kadhaa, waondoe wadogo zako, umwite mtu mzima.